Mkoromo wa Saa Nne: Kumkumbuka Elfu Moja

Wasikilizaji wapendwa, kabla ya salamu nina kazi niliyopewa na mjane. Ameniomba niseme hivi. Mume wake hakufa kwa umeme. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo, siku ya Jumanne, saa nane mchana, kwenye kochi la sebuleni, akiwa amevua viatu. Narudia kwa wale waliochelewa kufungua redio: kochini, kwa ugonjwa wa moyo, viatu amevua. Hayo mengine mliyoyasikia ni maneno ya watu.

Haya, sasa habari za asubuhi. Leo ni Jumamosi, saa nne na dakika chache, na tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mliwahi kumlaani bila kumjua. Mnaukumbuka ule mkoromo? Miaka kumi na moja iliyopita, kila Jumamosi saa hizi, kipindi hiki kilikuwa kinaingiliwa na sauti kama ya mtu anayekaanga mbegu juu ya maikrofoni. Mlitupigia simu. Mmoja wenu aliniambia mimi ndiye ninayekoroma, nikalale nyumbani.

Aliyekuwa akikoroma ni yeye. Kazi yake ilikuwa kusuka mota. Mota ya pampu ikiungua, ya mashine ya kusaga ikiungua, unampelekea, anatoa waya wa zamani na kuzungusha mpya. Aliifanya kazi hiyo miaka arobaini. Jina lake la mtaani lilikuwa Elfu Moja, na hata waliomdai pesa walimdai kwa jina hilo.

Kazi ilikuwa ya kula. Kilichompa raha ni kingine. Elfu Moja alikuwa mjenzi wa koili za Tesla. Usiogope jina. Chukua bomba la plastiki lenye urefu wa mtoto wa miaka saba. Lizungushie waya mwembamba wa shaba, mizunguko elfu moja, mmoja ubavuni mwa mwenzake, usipande juu ya mwingine, usiache pengo. Juu yake weka duara la alumini lenye umbo la tairi. Chini weka mitambo ya kuusukuma umeme. Ukiwasha, ule mnara unatoa radi ndogo ndogo kichwani, za rangi ya zambarau, zinachezacheza hewani na kupiga kelele. Basi. Haipiki, haipoozi, haichaji simu. Nilimuuliza ina faida gani. Alinitazama kama nimemuuliza faida ya mjukuu.

Alikuwa akihesabu mizunguko kwa sauti. Ukimwamkia akiwa katikati, hakuacha. Alikujibu kwa namba aliyofikia. "Shikamoo, mzee." "Mia sita kumi na mbili." Maana yake nimekusikia, kaa hapo. Mgeni alidhani mzee ana kiburi. Wenyeji walikaa.

Mke wake ananisimulia siku aliyoshikwa na uchungu wa kujifungua. Alikwenda mpaka mlango wa karakana, iliyoko uani kwao, akamwambia. Mume akajibu, "Mia nne na tisa." Mama anasema alitafuta kitu cha kumrushia. Lakini kabla hajakipata akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia tena: bobini ya waya ikianguka sakafuni. Aliuachia waya, ukafumuka kidogo mwishoni, akakimbia kutafuta gari. Lile bomba lenye mizunguko mia nne na tisa liko rafuni mpaka leo. Hakulimalizia. Na binti aliyezaliwa siku ile, jina lolote mlilompa shuleni, nyumbani anaitwa Tisa. Ndiyo maana mjane wetu ni Mama Tisa.

Sasa niwaambie kosa lake, kwa sababu lilikuwepo, na yeye mwenyewe hakulificha.

Koili inahitaji njia yake ya kuuteremsha umeme ardhini. Siku hizo Elfu Moja alichukua njia ya mkato. Alifunga waya wa ardhi kwenye bomba la maji la nyumba, kwa kuwa ni la chuma na linaingia chini. Hilo ni kosa la wajenzi wa koili, mtu mwingine hata halimjii. Akawasha. Jikoni, Mama Tisa alikuwa anaosha vyombo. Alishika koki. Koki ikamrusha hatua mbili nyuma, na sahani mbili zikaenda na maji.

Hakuumia sana. Mkono ulikufa ganzi siku nzima, daktari akamwangalia, akamwambia ana bahati. Tisa alikuwa na miaka tisa, alikuwa mezani anafanya hesabu za shule, na aliona. Elfu Moja alipoingia jikoni na kumkuta mkewe amekaa sakafuni, alizima kila kitu. Mwaka mzima hakuwasha. Alisuka mota za watu, akala, akalala. Mama Tisa anasema ilikuwa kama kuishi na mtu aliyeachwa.

Mwaka ulipokwisha alichimba ua wake mwenyewe, akafukia fimbo tatu za shaba, mbali na bomba lolote. Akaweka swichi kubwa yenye kufuli. Kisha akampelekea mkewe ufunguo, akamwambia maneno haya, na mama ameniruhusu niyaseme:

"Mama Tisa, mimi nikishakipenda kitu sioni vizuri. Kaa nao wewe. Usiponipa, siwashi."

Kuanzia hapo, kila Jumamosi, mtu mzima, fundi wa kuheshimika, alikwenda jikoni kuomba ufunguo. Mama alitoka naye mpaka karakana. Alikuwa na maswali matatu. Waya wa ardhi umefungwa wapi? Nani yuko ndani? Na la tatu: umekula? Maana mwenye njaa mikono inatetemeka. Elfu Moja alijibu yote matatu akiwa amesimama wima kama mwanafunzi. Wenzake walikuwa wakicheka. Baadaye waliacha kucheka, wakaanza na wao kuulizana hivyo hivyo.

Ndiyo, alikuwa na wenzake. Kwanza alikuja mwalimu wa maabara wa sekondari. Kisha fundi bomba. Kisha fundi cherehani mstaafu, mama mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Waya aliouzungusha yeye huwezi kuutofautisha na kitambaa. Wakafika saba. Walikutana saa nne asubuhi, wakaziba madirisha kwa mablanketi ili cheche zionekane. Walikuwa na jamaa wa miji mingine, wanatumiana picha. Watu wengine huulizana watoto hawajambo. Hawa huulizana, imefika ngapi? Yaani cheche, urefu wake.

Na sheria yao moja: ukiikaribia mitambo, mkono mmoja mfukoni. Ili umeme usipate njia ya kuingia mkono huu na kutokea ule, ukipitia moyoni. Mimi sikujua. Tulipokwenda kuusaka ule mkoromo, mimi na fundi mitambo wa kituo chetu na kipokezi chake, tulifuata sauti mpaka kwenye lango la bati. Akatoka mzee, mkono mfukoni, akatusalimu kwa mkono mmoja bila kuutoa wa pili. Nikasema moyoni, huyu amekusudia ubaya. Kumbe ni mazoea.

Tulimweleza. Aliona aibu kweli. Hakujua kwamba anatuharibia. Wiki iliyofuata alifunga chumba chote kwa wavu wa waya, wa aina ile ya mabanda ya kuku, ili mawimbi yasitoke nje, na mlango nao wavu. Fundi mitambo wetu alikwenda kumsaidia, akawa hakurudi. Maana yake Jumamosi zote zilizofuata alikuwa kule. Ndiye aliyekuwa wa nane. Mkoromo ukaisha, nanyi mkaacha kunitukana.

Mama Tisa aliwahi kumnyima ufunguo mara moja tu. Siku hiyo mwalimu wa maabara alisema cheche yao imefika mita mbili. Elfu Moja akasema ni mita moja na sentimita arobaini na sita, amepima, asitiwe chumvi kwenye jambo lake. Wakazozana. Alipofika jikoni, mama alimtazama tu. Akamwambia ana hasira, akakae. Akakaa. Mwalimu akapelekewa chai, na cheche ikabaki na urefu wake.

Wasikilizaji wapendwa, kwa hiyo mnaelewa kwa nini maneno ya msibani yaliwauma watu wa nyumbani na wenzake. Watu walioneshana karakana kwa vidole. Wakasema mashine imemla mwenyewe. Nasema tena: swichi ilikuwa imefungwa tangu Jumamosi. Ufunguo ulikuwa kwenye leso ya Mama Tisa. Na moyo wa mzee ulikuwa ukitibiwa kwa miaka sita.

Lakini maneno yalimwingia Tisa. Ni mtu mzima sasa, ana kazi yake, na aliyaona ya jikoni kwa macho yake. Alisema mashine ivunjwe, kundi litawanyike, mama aondokane na wasiwasi. Mama hakubishana. Aliukunja ufunguo kwenye leso, na wiki tatu hajautoa. Wale wenzake saba wa marehemu walikuja kumpa pole, wakaondoka bila kuuomba. Fundi cherehani aliniambia wangeona aibu kuuomba.

Juzi Alhamisi mama alikuja hapa kituoni, peke yake, kutaka nirekebishe habari. Nilimuuliza kuhusu mashine. Akasema hajui. Akasema, "Jumamosi nitakwenda pale mlangoni. Nitauliza maswali yangu. Nikijibiwa, nitafungua. Nisipojibiwa, Tisa aite watu wa kuvunja."

Yuko pale sasa hivi. Fundi mitambo wetu yuko naye na maikrofoni, na kwa ruhusa ya meneja ameuacha mlango wa wavu wazi kwa dakika moja. Wakati tunasubiri, niseme la kwangu. Tunatoa pole kwa Mama Tisa, kwa Tisa, na kwa wale saba. Nimemkosa yule mzee, na sioni haya kusema. Nanyi mlio majumbani, jiulizeni ni nani mliyempa ufunguo wenu, wa kuwazuia siku msiyoona vizuri. Kama hakuna, mtafuteni leo.

Naunganishwa. Ndiyo, fundi, tunakusikia. Anasema mama ameuliza la kwanza. Fundi bomba amejibu, kwenye zile fimbo tatu za uani. Ameuliza la pili. Mwalimu amewataja wote waliomo ndani, na wa mwisho kumtaja ni Tisa. Tisa yuko ndani, amesimama kwenye swichi.

La tatu. Hili lilikuwa la Elfu Moja mwenyewe, hakuna mwingine aliyewahi kumjibia. Nyamazeni kidogo tumsikie mama.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

Ni Tisa huyo. Fundi ananiambia mkono wake wa kushoto uko mfukoni. Mama anaifungua leso.

Walio jirani na lile lango la bati, redio zenu zitakoroma. Msizizime.