Philomena Mboje: Figo za Ghafla Zilizoandikwa Sugu

Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka, habari za asubuhi. Leo muziki tumeuzima mapema, maana kuna jambo limetukaa kooni. Tunamkumbuka Philomena Mboje, mtunza kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali moja hapa Bariadi. Amefariki akiwa na miaka arobaini na mmoja. Figo zilifeli ghafla. Ghafla, nasema. Lishikeni neno hilo.

Philomena alizaliwa kijijini Zagayu, kwenye mashamba ya pamba. Nyumba yake ya mjini haikukauka wageni. Ukipita kusalimia tu, unakuta michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, inachemka jikoni na habari za mtaa mzima zinachemka sebuleni. "Dada hakujua kupika chakula cha watu wawili," anasema mdogo wake, Judica.

Na kazi yake? Daktari akiandika ugonjwa, Philomena anaugeuza kuwa namba na kuuingiza kwenye kompyuta. Figo zilizofeli ghafla zina namba yake. Figo zilizochakaa kwa miaka, yaani sugu, zina namba nyingine. Namba ya ghafla inakupeleka Mwanza siku hiyohiyo, kwenye mashine ya kusafisha damu. Namba ya sugu inakupa tarehe ya kliniki.

Sasa sikilizeni. Kitabu cha namba ni kinene, na pale ofisini walichoka kukipekua. Wakachapa karatasi ya magonjwa thelathini, wakaibandika ukutani kwa selotepu. Upande wa figo, mstari mmoja tu: sugu. Basi kila figo iliyoingia ikawa sugu! Philomena alipiga kelele miaka miwili. Wenzake wakampa jina, Mama Kitabu. "Mama Kitabu, foleni imefika getini, wewe bado unasoma riwaya?"

Mwezi uliopita akaharisha na kutapika siku tatu. Mkojo ukakata. Judica akamkimbiza hospitali, hospitali yake mwenyewe. Daktari Erasmus akaandika sawasawa: figo zimefeli ghafla. Kisha akaitwa kikazi Mwanhuzi, na wauguzi wakabaki kufuata kompyuta inasemaje. Faili likaenda kwa Dastan, mwenzake Philomena wa meza moja. Dastan akainua macho ukutani. Sugu. Kliniki, Alhamisi ya wiki inayofuata.

Philomena alikuwa amelazwa wodini, amevimba uso, lakini akili ilikuwa kamili. Akamshika Judica mkono. "Mwambie Dastan anibadilishie namba. Mwezi uliopita nilipimwa, figo zangu zilikuwa nzima."

Judica akaenda kwenye dirisha la ofisi ya kumbukumbu. Dastan akacheka. "Shemeji, hata kitandani anataka kunifundisha kazi? Mwambie apumzike."

Siku ya pili akarudi. "Mtandao uko chini, mayu, mama yangu."

Siku ya tatu akarudi tena. "Bosi hayupo, mimi sina mamlaka."

Siku ya nne, asubuhi, Philomena akakata roho.

Ndugu walipofika kuchukua mwili, wakapewa kibali cha mazishi. Chanzo cha kifo: figo sugu. Judica akakirudisha mezani. "Dada yangu hatoki hapa na uongo." Watu wa Zagayu walikuwa wamekuja na malori mawili. Wakaingia ofisini wote. Wakajaa kwenye mabenchi, wakajaa kwenye korido. Mama mzazi, Bibi Yusta, akakaa sakafuni, mlangoni kabisa.

"Mjukuu wangu, andika alivyoandika daktari," akamwambia Dastan. "Usipoandika, sisi tumekuja na ugali wetu. Tutakula hapahapa, tutalala hapahapa."

Dastan akafungua kile kitabu kinene. Akafunua, akafunua, akabonyeza. Kibali kipya kikatoka: figo kufeli ghafla. Judica alikuwa akiitazama saa. Dakika moja haikutimia.

Dakika moja, wasikilizaji wapendwa! Philomena aliiomba siku tatu, akiwa hai, akanyimwa. Akapewa akiwa maiti.

Bibi Yusta, Judica, ukoo wote wa Mboje, na majirani mliozoea kuingia kwa Philomena bila hodi: poleni sana. Mungu awatie nguvu. Tulio hai tuutafakari msiba huu, na tusiuite mapenzi ya Mungu kabla hatujajiuliza sisi tulifanya nini. Ukifika dirishani, uliza: mmeniandika nini? Ukijibiwa subiri nje, usitoke. Nawe uliyeketi ndani ya dirisha, mtazame usoni huyo aliyesimama mbele yako asubuhi hii. Yeye hana siku tatu.