Neno Zuri la Mwisho kwa Mwalimu Raeli Kavata

Wapendwa mliofika hapa Mbooni, susu, bibi yetu, aliagiza wasifu wake usomwe kama somo la chuo chake: makosa kwanza, neno zuri mwisho. Tumemtii, kama kawaida.

Mwalimu Raeli Kavata Nyamai alizaliwa Nuu mwaka wa 1938, kitinda mimba wa mzee Nzau. Alichunga mbuzi mpaka wamisheni walipomwomba babake awape wamsomeshe. Mzee akasema, "Mchukueni. Kwa mdomo huu hakuna atakayemwoa."

Mwaka wa 1956 aliingia chuo cha walimu wanawake hapa Mbooni. Chuo kilikuwa bado kichanga: mabweni mawili ya udongo, wasichana wachache, na watu wa soko wakisema mwanamke akizoea chaki hatazaa. Huko kulikuwa na somo la kukosolewa. Msichana mmoja anafundisha watoto, wenzake wamekaa nyuma. Akimaliza, kila mmoja anasimama kumtajia makosa. Halafu mkuu wa chuo anatoa neno moja zuri. Aliyeshindwa kabisa aliambiwa, "Mwandiko wako ni mzuri." Ukisikia hivyo, unafunga sanduku unaenda kwenu.

Zamu ya susu ilipofika, rafiki yake alisimama akasema, "Kavata, hufundishi, unaita mbuzi!" Darasa lote likacheka, hata watoto. Susu hakulia. Alirudia somo, akapita, na mwaka wa 1961 akaajiriwa hapo hapo kuwa mkufunzi. Walimu aliowafunza wamejaa Kitui na Makueni. Wengine mko hapa, na naona bado mmekaa wima.

Mwaka wa 1964 aliolewa na Nyamai, fundi wa madawati ya chuo. Siku ya arusi babu alisimama kushukuru wageni. Susu akamwambia mbele ya watu, "Asante moja inatosha. Keti." Watu walidhani ni utani. Mpaka anazikwa mwaka wa 1999, babu hakutoa hotuba tena.

Mwaka wa 1986 binti yake, shangazi Ndinda, aliingia chuoni. Alitaka ualimu kuliko kitu chochote. Siku ya somo lake, kiti cha mkuu alikikalia susu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo. Shangazi alifundisha kujumlisha kwa kokwa za maembe, na watoto wakapiga makofi. Susu akasema, "Mwandiko wako ni mzuri." Tangu hapo shangazi anauza nyanya. Chuo nacho kilifungwa; sasa ni stoo ya parachichi.

Mwaka wa 2022 susu alipata kiharusi. Shangazi ndiye aliyemlisha, akamgeuza, akamfulia. Januari hii, nikiwa nimeshika beseni, nilimsikia akimuuliza mamake, "Mwaitu, miaka yote hii, hakuna kitu nimefanya vizuri?"

Susu akatazama shuka, akatazama uji, akamtazama yeye.

"Mwandiko wako ni mzuri," akasema, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Shangazi akampangusa uji kidevuni.

Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, mikononi mwa shangazi. Ameacha Ndinda, na babangu Mutisya wa Mtito Andei, pamoja na wajukuu na vitukuu. Mungu ampe pumziko la amani.

Makosa mmeyasikia. Neno zuri familia ilimwachia shangazi Ndinda. Alimaliza kukunja shuka za susu, ndipo akaniambia niandike hivi:

Mwandiko wake ulikuwa mzuri.