Siri Aliyoimeza Mheshimiwa Jedida

Wapendwa mliofika kutufariji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya dada yetu, Jedida Ndinda Mutuku, na mkicheka msione haya, maana mwenyewe hakupenda msiba wa kununa.

Jedida alizaliwa tarehe 6 Juni 1960 huko Kibwezi, akaletwa Malindi akiwa na miaka mitatu babake alipopata kazi ya useremala, akasoma hapa hapa mjini, na mwaka 1983 akahitimu uuguzi Mombasa. Januari 1984 aliajiriwa katika zahanati karibu na Vitengeni, akazalisha akina mama kwa miaka ishirini na tisa, na akimwambia mtu sukuma, hata waliokuwa sokoni walisikia. Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na Mwalimu Dedan Mutuku, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 2013 wananchi walimchagua kuwa mwakilishi wadi, wakamrudisha 2017. Septemba 2019 mwenzake, Mheshimiwa Ngowa, alileta katika bunge la kaunti mswada wa kuwakataza wahudumu wa afya kutoa mimba kwa sababu yoyote ile, hata mama akiwa anakata roho, na ukumbi karibu wote ukamuunga mkono. Jedida aliupinga peke yake, akaitwa muuaji, kwaya aliyokuwa akiimba ikamtaka akae pembeni, naye akahamia kiti cha nyuma kanisani, akaimba kwa nguvu zaidi na, ukweli usemwe, vibaya zaidi.

Jambo ambalo hakulisema ni kwamba mwaka 2006, Ngowa akiwa kazini bara, mkewe, Bi Phoebe, alifikishwa zahanati na mimba ya miezi mitano, presha imepanda, degedege imemshika, Jedida akampakia kwenye pikapu hadi Malindi, na madaktari wakaitoa mimba ili mama apone. Bi Phoebe alimsihi asimwambie mtu, mumewe akaelezwa kwamba mimba iliharibika, na Jedida akanyamaza. Neno moja tu lingemnyamazisha Ngowa mbele ya Spika, lakini alilimeza, akijua fika kwamba mswada ungepita.

Asubuhi ya tarehe 24 Oktoba 2019, siku ya kuupigia mswada kura, Bi Phoebe alichoka kumsikia Jedida akitukanwa redioni, akamweleza mumewe yote. Ngowa aliingia ukumbini macho mekundu, akaondoa mswada wake, akataja sababu kwa ruhusa ya mkewe, kisha akaenda kumshika Jedida mkono, naye Jedida akamwambia, “Haya baba, keti, umejifungua salama.” Mwalimu Dedan alinuna siku mbili, kwa kuwa alikuwa amelala kando ya siri hiyo miaka kumi na mitatu bila kuijua.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, akalazwa Malindi mara tatu, na tarehe 9 Februari 2025 akatuaga, akiwa na miaka sitini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, wawakilishi wenzake, kwaya iliyomrudisha kundini, na Bi Phoebe, aliyekuja jana akatutaka tuyasome haya bila kuficha jina lake, na ambaye ameketi hapa mbele pamoja na binti yake wa miaka kumi na sita, ambaye asingezaliwa kama mamake angekufa mwaka ule.

Pumzika sasa, dada yetu, kwa amani uliyowaachia wengine.