Mizani, Dumu la Maji na Bi. Mwanaidi

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na tatu ya utumishi, Bi. Mwanaidi Hemedi Likanda atakabidhi funguo za stoo ya vipimo na kustaafu rasmi. Katika miaka hiyo kituo chetu cha utafiti wa afya hapa Mtwara kimebadilisha wakuu saba, mapaa mawili na majina matatu. Mpimaji amekuwa yeye yule.

Aliajiriwa mwaka 1992 kwa kazi ya kupima uzito na urefu wa watu vijijini. Wengi tunaidharau kazi hiyo. Mtu anapanda mizani, namba inaonekana, kuna nini tena hapo? Basi ngoja upimwe na Bi. Mwanaidi. "Vua viatu, baba, na simu weka chini." Kofia itatoka, funguo zitatoka, na kina mama watafungua pindo la kanga na kutoa kila walichofutika humo. Hupima mara mbili, na vipimo vikipishana hupima mara ya tatu, hata kama foleni imefika barabarani. Kila asubuhi, kabla ya mtu wa kwanza, huweka kwenye mizani dumu lake la njano la lita kumi, limejaa maji, ahakikishe mizani haijamgeuka. Mwaka juzi mfanya usafi mgeni alilichukua dumu hilo akadekia sakafu. Tulimwonea huruma sana.

Ubao wake wa kupimia urefu umefika mpaka vijiji vya mwisho kando ya Ruvuma. Hamisi, bodaboda wake wa siku zote, huapa kwamba ameubeba ubao ule mara nyingi kuliko alivyombeba mkewe.

Sasa nikiri jambo. Mimi Gaudensi, afisa takwimu, ndiye niliyetaka kumpumzisha kabla ya wakati wake. Mwaka 2023 nilileta dodoso la mtandaoni. Mtu anabonyeza kiungo kwenye simu, anajaza mwenyewe uzito na urefu wake, kazi imekwisha. Hakuna ubao wala dumu. Nilijiona mjanja kweli.

Tulilijaribu kwanza sisi wenyewe, wafanyakazi thelathini na mmoja. Kisha Bi. Mwanaidi akaomba atupime, aone kama tunajijua. Loh! Urefu ambao wanaume wa kituo hiki walijiongezea, ukiujumlisha unapata mtoto wa darasa la kwanza. Kina dada walikuwa wamenakili uzito kutoka kadi ya kliniki, na mtoto mwenyewe wa kadi hiyo sasa yuko sekondari. Mimi nilijaza kilo sabini na nne. Mizani ikasema themanini na sita. Bi. Mwanaidi hakunicheka wala hakunitangaza. Aliandika namba kwenye kikaratasi, akakikunja, akanitia mkononi. Nikamnunia wiki nzima, utadhani kilo zile kanipa yeye.

Na yeye alijaza nini? Uzito, sifuri. Urefu, sifuri. Nilicheka, nikawaambia wenzangu mama simu janja imemshinda, na jibu lake nikalifuta kama kosa. Hapo nitaparudia.

Novemba, msimu wa korosho, dodoso likaenda vijijini. Wafadhili walikuwa na kliniki moja tu ya presha na kisukari, ya kuja kila mwezi, nayo ingepelekwa kijiji ambacho takwimu zetu zingeonyesha kina uhitaji zaidi. Kijiji kimoja kando ya Ruvuma, ambacho sitakitaja kwa sababu bado nakipenda, kilijibu vizuri kuliko vyote. Watu mia mbili na kumi! Takwimu zikasema wako wepesi, wana afya njema, kliniki waende wenzao. Nilikwisha andika ripoti, na ilikuwa ipelekwe Ijumaa.

Jumatatu Bi. Mwanaidi akaisoma, akasema hapana. Kijiji kile anakipima tangu mwaka 1996, anawajua mpaka wajukuu, na mwaka ule ule alikuwa amekwenda huko kwenye misiba miwili ya kiharusi. Watu hawapungui hivyo, alisema, labda kama kuna njaa, na njaa haipo. Akaomba siku mbili akapime mmoja katika kila kumi. Nikapinga. Mbele ya mkuu wetu, Dkt. Magreth, nilisema kijiji kizima hakiwezi kuwa cha waongo, na kwamba mama huyu anautetea ubao wake tu. Najuta kulitamka hilo. Dkt. Magreth akampa siku zake mbili, na mimi akaniamuru nikambebee mizani.

Tukapima watu ishirini na mmoja. Karibu kila mmoja alizidi alichojaza kwa kilo zile zile, kumi. Mara kumi na moja, mara tisa, lakini nyingi zilikuwa kumi. Bi. Mwanaidi aliishuku kwanza mizani yake mwenyewe, akaijaribu kwa dumu, ikawa sawasawa. Ndipo alipowauliza kwa upole walijipimia wapi. Wakajibu kwa fahari kwamba walikwenda ghalani, kwenye mizani mpya ya korosho, wakapanga foleni siku nzima ili wajaze ukweli mtupu.

Basi mama akajitwika dumu lake mpaka ghalani, akalitua juu ya mizani ile. Ikasoma nusu kilo.

Karani wa ghala alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe pale gunia hupimwa likiwa juu ya chaga, ile fremu ya mbao ya kuwekea magunia. Chaga ina kilo kumi, na mizani imewekwa izitoe yenyewe. Kwa korosho ni haki kabisa. Lakini mtu akipanda bila chaga, anapunguzwa kilo kumi za mwili wake na kushuka akishukuru Mungu. Wale watu hawakudanganya hata chembe. Waliodanganya ni sisi wa ofisini, tena bila mizani yoyote.

Alhamisi niliiandika ripoti upya. Kliniki ikaenda kijiji kile, na katika mwezi wa kwanza tu walipatikana watu thelathini na wanne wenye presha ya juu ambao hawakuwa na habari. Baada ya kuliona hilo nilikitafuta kikaratasi changu kwenye droo, nikaenda nami kupimwa. Presha yangu sitaitaja, mke wangu husoma jarida hili. Niseme tu kwamba leo nina kilo sabini na nane, na zimepimwa bila viatu.

Tangu hapo kila dodoso letu la mtandaoni lina swali la ziada: ulipimwa lini, wapi, na nani? Tunaliita swali la Bi. Mwanaidi. Na mmoja katika kila kumi hufuatwa na ubao, na wapimaji sita aliowafundisha kwa mkono wake.

Mwezi huu, nikiandaa wasifu huu, nilimwuliza kuhusu zile sifuri zake. Alinishangaa. Dodoso langu lilikuwa linakataa nafasi tupu, na yeye tangu kadi ya kliniki ya kitinda mimba wake, mwaka 1999, hajapimwa na mtu. Kujipima mwenyewe hakuhesabiki, na hakuna awezaye kusoma ubao ulio juu ya kichwa chake. Sote tulipimwa naye, tukavaa viatu, tukaondoka. Asingeweza kuandika asichokijua. Kati ya majibu thelathini na moja, nililifuta lile moja la kweli. Niliona aibu, na bado naiona.

Bi. Mwanaidi anakwenda kupumzika Likombe, kwa mumewe Mzee Zuberi na mikorosho yake, ambayo nina hakika itapimwa urefu. Mama, asante kwa watu wa kijiji kile, asante kwa kikaratasi, na kwa kutonicheka. Mungu akujalie siku nyingi, za afya na raha. Tutakukumbuka kila tukipandisha dumu.

Ijumaa tarehe 27, siku ya kukuaga, baada ya swala na kabla ya pilau, utaukuta ukumbini ubao wako na mizani yako, na dumu nimelijaza mwenyewe. Tutakupima mara mbili, na vikipishana, mara ya tatu. Vua viatu, mama, na simu weka chini.