Goti la Kulia

Wanasema macho hayana pazia. Masikio nayo hayana mlango, hasa ukikaa kwenye basi nyuma ya watu wawili wanaozungumza. Bibi mwenye mkongojo alikuwa anakwenda kubadilishiwa goti la kulia. Jirani yake wa kiti, muuguzi wa chumba cha upasuaji, alikuwa akimweleza kwamba siku hizi, kabla ya kufunga goti jipya, daktari huweka katikati ya mifupa kifaa chembamba kinachopima kila upande umebana kiasi gani.

"Hili la kushoto, alipolibadilisha, daktari alilipima kwa mkono," bibi akasema, akiligonga kama anayepiga hodi. "Halijanisumbua hata siku moja. Leo mkono umepatwa na nini?"

"Mkono ni uleule, bibi. Ila hata mkono mzuri hukisia."

"Fundi wangu wa nguo hukisia kwa jicho, na gauni linanikaa."

"Gauni likibana linafumuliwa. Goti je?"

Bibi akageukia dirishani. Mimi nilikuwa upande wa muuguzi, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Basi liliposimama mbele ya hospitali, muuguzi alimshika mkono kumteremsha.

"Unanibana, mwanangu."

"Hapa je?"

"Legeza kidogo. Hapo. Umeona? Hukuhitaji kifaa."

"Nimekuuliza wewe, bibi. Kule utakuwa umelala."

 Basi lilipoondoka, bibi alikuwa anapanda ngazi za hospitali taratibu, kila ngazi akitanguliza mguu wa kushoto.