Mwizi Aliyewakaribisha Walinzi

Alasiri ile, kando ya fundi baiskeli pale Msambweni, benchi la kahawa lilikuwa na watu watatu tu, lakini kelele zao zingetosha soko zima. Salimu muuza kahawa waliwahi kumbandika jina la Bibisii, maana habari yako humfikia kabla hujafika wewe. Masila, Mkamba aliyekuwa bawabu wa hoteli moja Diani, wao walimwita Kamanda. Katikati yao alikaa Dzombo, fundi wa kuezeka makuti, shingo imevimba chini ya sikio la kushoto, na sikio lenyewe halisikii tena. Kesho yake alitakiwa Nairobi kuchomwa mionzi, naye tangu azaliwe hajavuka Samburu ya hapa Kwale. Wenzake walitazamia alie. Yeye alikuwa anasifu.

— Wallahi, hii saratani nimeivulia kofia! Daktari kanichorea. Imekaa huku nyuma ya pua. Walinzi wa mwili, zile chembe nyeupe za damu, wameizunguka tele, wengine wamo mle mle ndani ya uvimbe. Na hawaigusi!

— Wanaiogopa? aliuliza Bibisii.

— Hawaitambui. Kuna kirusi kiliniingia utotoni, karibu kila mtu anacho. Sasa kimejibanza ndani ya chembe zilizoharibika, kinatoa uso kidogo tu. Nazo chembe zimeficha vipande vya kuzitambulisha. Mlinzi akikagua, haoni la kushuku.

Kamanda akapiga goti kofi.

— Buda, hiyo naijua! Hoteli ya jirani, jamaa aliingia na ovaroli ya kazi. Akawaamkia mabawabu shikamoo, akawaletea chai na mahamri. Walipokwisha kula, wakamsaidia kupakia televisheni kwenye gari. Na geti wakamfungulia!

— Ndivyo hasa! Dzombo alicheka hadi akashika shingo. Daktari asema inawatilia kitu kinachowalegeza. Walinzi huja na nguvu, wakifika, wanakaa tu.

— Basi hiyo imeshajifanya meneja, alisema Bibisii akimimina. Inapanga zamu. Huyu lala, huyu kanywe chai.

— Inawaajiri wakubwa wa kuwatuliza wadogo! alidakia Kamanda.

— Ingesimama udiwani uchaguzi uliopita, ingepita bila kupingwa, aliongeza Bibisii.

Dzombo alifurahi kupita kiasi. Ugonjwa wenye akili namna hii, alijiambia, si aibu kuugua. Jana usiku ulikuwa donge tu; leo umekuwa na hadithi, na hadithi hiyo ni yake.

Ndipo akatokea Kahaso, dadake, jasho linamtiririka, mkononi kikapu chenye nguo za kakake alizomfulia.

— Salaam aleikum.

— Aleikum salaam, karibu kahawa.

— Ahsanteni, sikai. Mama hawezi, yu kitandani, siwezi kumwacha peke yake. Nimekuja kuuliza tu. Kaka hasikii vizuri, na Nairobi haijui. Nani anapanda basi naye kesho?

Kamanda alichungulia kikombe chake. Bibisii akachukua kitambaa, akafuta dele la kahawa ambalo lilikuwa safi tayari. Dzombo aliwatazama mmoja baada ya mwingine, watu aliokunywa nao kahawa miaka yote, wamekaa naye bega kwa bega, na hapo ndipo woga ulipomshika.