Alichokiona Binti wa Sindano

Benchi letu lina watu watatu wanaojua kila kitu, pamoja na mimi mwenye birika la kahawa, ninayelazimika kuwasikiliza. Bomba anafunga mabomba ya maji, Gea ni fundi magari, Sindano ni fundi cherehani. Asubuhi hiyo Sindano hakumtania mtu. Jana yake binti yake wa miaka tisa, anayehema hata akipanda ngazi, alipimwa moyo kwa altrasaundi. Kesho kutwa walitakiwa kurudi kumwona daktari wa upasuaji, na Sindano alikuwa ameapa kwamba haendi.

— Vali moja ya moyo, kile kilango cha kupitishia damu, ina kasoro, alisema. Inaitwa mitrali. Kazaliwa nayo. Haifunguki vizuri.

— Vali? Bomba akasogea. Hapo sasa umekuja kwa mwenyewe. Hiyo ni uchafu tu, inazibuliwa.

— Moyo si sinki, wewe! Gea akadakia. Ni injini. Ikichemka unaizima, inapoa.

— Moyo utauzima? Bomba akamaka. Muuaji mkubwa!

— Basi tatizo ni hiyo mashine ya altrasaundi, Gea akasema. Inapiga sauti kifuani. Sauti ikishaingia, itatokea wapi?

— Acha ujinga, nikasema. Mke wangu kapimwa nayo mimba tatu. Unapakwa jeli, kifaa kinapitishwa juu ya ngozi, unarudi nyumbani.

— Sindano, nichoree vali ilivyokuwa kwenye kioo cha mashine, Bomba akasema. Nitakwambia pa kuanzia.

Sindano akazungusha kikombe chake.

— Sijui ilivyokuwa.

— Si ulikuwa chumbani?

— Nilikuwamo. Nilifumba macho. Nilimsikia tu daktari akisema nyuzi zinazoshika vali zimejishika zote kwenye msuli mmoja, badala ya miwili. Niliogopa, jamani. Naogopa mpaka sasa.

Nilimhurumia sana.

Mama mmoja, mteja wa Sindano aliyekuwa amesimama akisubiri gauni lake, akauliza:

— Na mtoto alifumba macho?

— Yule? Alikikodolea macho kioo mwanzo mpaka mwisho.

— Alisema ameona nini?

Bomba akamtazama Gea. Gea akalitazama birika langu. Saa nzima tulibishana juu ya moyo wa mtu, na hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenyewe, hata baba yake.

Sindano akaweka kikombe chini, kahawa nusu.

— Gauni utalipata kesho kutwa jioni, mama, akasema. Asubuhi nitakuwa hospitali.

Akashika njia ya nyumbani.